Kaulingi ya faiba inapasuka, inavimba au inalegea: tafuta chanzo kabla hujaongeza leya

Kamwene wadau. Mi ni fundi wa faiba hapa Mbeya, kazi zangu za kila siku ni matenki ya maji, bampa za Coaster na maboneti ya malori yanayogongana kule Inyala. Kwenye ndege niliingia kwa kuvutwa shati. Kuna mzee ana shamba upande wa Mufindi, ana kindege cha viti viwili alichokiunga mwenyewe kutoka kwenye vipande vya kuagiza, injini Rotax 912, siku moja akaja na kaulingi nyuma ya pikapu imefungwa blanketi kama mgonjwa. Kaulingi ni lile ganda la mbele linalofunika injini, boneti la ndege kwa lugha yetu ya gereji. Ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole unaotoka kwenye tundu la skrubu. Nikamwambia mzee hii kazi ndogo, nikaweka leya (tabaka) nne za mati, ile faiba ya nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo, kwa ndani, ikawa ngumu kama ubao, akafurahi akaondoka. Baada ya masaa kama 20 ya kuruka huyo karudi. Kiraka changu kizima kabisa, ila ufa umehamia pembeni yake, sentimita mbili kutoka ukingoni, na umekua mrefu kuliko wa kwanza.

"Fundi, umeufukuza ufa, hujauua," ndo maneno yake.

Tokea hapo sigusi resini (ile gundi ya maji inayogandisha faiba) mpaka nijue kinachoipasua ni nini, na haya hapa chini ndo tumeyaona kwenye ile ndege na nyingine mbili tatu zilizoletwa baada ya hapo.

KABLA YA YOTE, HUO NI UFA AU NI RANGI?

Mistari mingi unayoiona kwa juu ni puti na rangi tu, hasa pale mtu alipojaza puti nene kuficha mawimbi. Kwangua rangi kidogo mpaka ufike kwenye faiba yenyewe, alafu zima taa za gereji, weka tochi ya simu kwa ndani uangalie kwa nje. Faiba inapitisha mwanga kama karatasi yenye mafuta, nyuzi nzima zinaonekana na rangi ya asali au kijani kijani na zilizokatika zinaonekana nyeupe kama mkwaruzo wa kucha. Ule weupe ndo ufa wenyewe na mara nyingi unaenda mbali kuliko mstari wa kwenye rangi, wa mzee ulionekana sentimita 4 kwa nje lakini kwa tochi ulikuwa 7.

Alafu chukua sarafu ya shilingi 200 ugonge gonge taratibu eneo lote. Sehemu nzima inalia ting, sehemu iliyoachana leya inalia dub kama unagonga boksi la karatasi. Zungushia penseli pale inapolia vibaya. Na mwisho wa kila ufa weka alama ya penseli uandike na masaa ya injini, hii haina gharama na itakusaidia kujua kama ufa unatembea au umekaa tu.

UFA UNAOANZIA KWENYE TUNDU LA SKRUBU AU KWENYE KONA

Huu ndo ugonjwa mkuu, nitakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza, tundu lilitobolewa karibu sana na ukingo. Kwa faiba, toka katikati ya tundu hadi ukingoni iwe angalau mara tatu ya kipenyo cha skrubu, kwa skrubu ya milimita 5 maana yake milimita 15, ukikuta tundu liko milimita 7 huna haja ya kuuliza zaidi. Ya pili, skrubu yenye kichwa cha kuzama imekaa moja kwa moja kwenye faiba bila washa ya kikombe, kwa hiyo kila ukikaza kile kichwa kinafanya kazi ya kabari, kinapasua kama shoka linavyopasua kuni. Ya tatu matundu hayalingani, fundi anavuta ganda kwa nguvu mpaka skrubu iingie, ganda linakaa na mvutano muda wote hata ndege ikiwa imelala. Hii ya tatu ni rahisi kuijua, legeza skrubu zote uone kama kaulingi inaruka yenyewe milimita 2 au 3. Ikiruka, hiyo ndo sababu yako, panua tundu au lijaze ulitoboe upya.

Ya nne ndo ilikuwa ya mzee, na haikuwa kwenye faiba kabisa. Ilikuwa mtetemo. Ile injini ina kabureta mbili, kila moja inalisha upande wake, zisipovuta sawa injini inatikisika hasa kwenye mzunguko wa chini. Juu ya hilo mzee alikuwa anapenda kuishusha sailensa (mzunguko wa injini ikiwa haijakanyagwa mafuta) mpaka 1200 kwa dakika kwa sababu eti inasikika tamu, wakati injini ile haitakiwi kushushwa chini ya 1400, gia boksi nayo inaumia. Siku nimeenda shambani nikasimama pembeni ameiwasha, kaulingi ilikuwa inacheza kama shavu la mtu anayetafuna muwa. Fundi injini wake akasawazisha kabureta, akapandisha sailensa, akaangalia na balansi ya pangaboi, kucheza kukapungua mpaka ikabidi uweke kiganja ndo uhisi. Angalia pia mpira wa mounti za injini, ukichoka injini inashuka mbele na inayumba zaidi wakati wa kuzima.

Sasa kwa nini leya zangu nne zilihamisha ufa? Kwa sababu niliweka kisiwa kigumu katikati ya ganda laini, nikaukata ukingo wake wima. Ganda likitetema linakunja pale tu ugumu unapobadilika ghafla, na mi nilimtengenezea mahali pazuri pa kukunja. Kiraka lazima kifie taratibu: leya moja mfano sentimita 5 toka kwenye ufa, nyingine 7, nyingine 9, kila moja inaipita mwenzake. Mafundi wanabishana uanze na kipande kikubwa au kidogo, mi naanza na kikubwa, sigombani na mtu.

Utaratibu wenyewe: toboa tundu la milimita 3 mwisho kabisa wa ufa (mwisho unaouona kwa tochi, sio kwa macho) ili usiendelee kukimbia. Saga ufa uwe mteremko, kwa ganda la milimita 2 mteremko uwe kama sentimita 4 kila upande, ndio ni pana na inauma roho kusaga faiba nzima lakini ndo inavyoshika. Kitambaa kiwe cha kufuma, sio mati, na ukikate nyuzi zikae kwa pembe ya digrii 45 kuukatiza ufa. Mati ni nzito, inakunywa resini sana, na kuna jambo wengi hawajui, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mati imetengenezwa iyeyuke kwenye resini ya poliesta, ukiilowanisha kwa epoksi, ile resini ya aina nyingine, haiyeyuki vizuri, inabaki na madoa makavu meupe na hailali kwenye kona.

Ukingo wote wenye skrubu mi siku hizi naupa mkanda wa leya tatu upana wa sentimita 5, alafu tundu linatobolewa baada ya kukauka, kwa drili kali, na kipande cha mbao kikiwa nyuma ili isichanike. Kama kaulingi inafungwa kwa bawaba ndefu na waya badala ya skrubu, kagua vijicho vya bawaba kimoja kimoja, vikiliwa waya unacheza, na ukicheza kaulingi inacheza.

INAVIMBA AU INATIKISIKA IKIWA HEWANI, CHINI IKO SAWA

Rubani atakwambia "juu inapumua". Wengi wanadhani upepo unaibonyeza, hapana, unaisukuma kutokea ndani. Hewa inaingia kwa matundu ya mbele, inajaa juu ya injini, inatafuta pa kutokea, na huku nje upepo unaopita juu ya mgongo wa kaulingi unainyonya. Kwa spidi ya noti 100 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) presha ya upepo ni kama kilo 165 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha juu cha nusu mita ya mraba kinaweza kusukumwa na nguvu inayokaribia kilo 80, yaani kama gunia la mahindi limekaa juu ya ganda la milimita moja na nusu. Mtu ataniuliza, huku kwetu hewa si nyepesi? Ni nyepesi kweli, ila hesabu hii inafuata spidi inayosomeka kwenye saa ya rubani, na ile saa inapima presha hiyo hiyo, kwa hiyo noti 100 za kwenye saa juu ya Mufindi zinasukuma sawa na noti 100 za Dar.

Dawa ya hapa sio unene, ni umbo. Paneli bapa ukiiongezea unene mara mbili ugumu unapanda mara nane, sawa, lakini uzito nao umeuongeza mara mbili. Ukichukua leya zile zile ukazigawa mbili, milimita 0.6 nje na 0.6 ndani, katikati ukaweka fomu (ile kama sponji ngumu nyepesi) ya milimita 5, kwa hesabu ya kwenye karatasi ugumu unapanda zaidi ya mara 60, na fomu ya kilo 75 kwa mita ya ujazo inaongeza gramu 375 tu kwa mita ya mraba, bila kuhesabu resini ya kuibandika. Ndo maana mbavu zinashinda leya.

Ubavu rahisi: kata vipande vya fomu upana wa sentimita 3, unene milimita 8 hivi, vichonge mbavuni viwe mteremko sio wima (kitambaa hakikubali kona ya wima, kinaacha hewa), gundisha ndani ya ganda, funika kwa leya mbili zinazopita pande zote sentimita 3. Ubavu mmoja wa kukatiza na miwili ya urefu inatosha kwa kaulingi ndogo. Usiuishie ubavu ghafla katikati ya ganda, ukonde polepole au uufikishe kwenye ukingo ulioimarishwa, vinginevyo ni ile ile hadithi ya kisiwa changu.

Fomu gani? Fomu ngumu ya PVC ndo nzuri, ya poliyurethani inakubalika. Ile nyeupe ya kwenye maboksi ya TV achana nayo kabisa. Dogo wangu wa gereji aliitumia siku sipo na resini ya poliesta, nikarudi nikakuta mbavu zimekuwa mifereji, fomu yote imeyeyuka imebaki ute chini. Na hata ukitumia epoksi ikakubali, siku petroli ikidondoka humo ndani itaisha hivyo hivyo. Kuna mwingine alipasua mianzi akaweka kama mbavu, huku kwetu mianzi ipo ya kumwaga, iliyobaki na ulanzi wake, sijamcheka sana maana mwanzi ni mgumu kweli ila unavuta maji na kukauka, mwaka mmoja ulishabanduka.

IMELEGEA NA KUPOTEZA UMBO, HASA BAADA YA KUPAKI

Epoksi nyingi zinazokauka bila joto zinaanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 hivi. Ukiwa hewani kaulingi inapozwa na upepo, shida inaanza ukizima, injini ina moto, upepo hakuna, joto lote linapanda juu na kukaa chini ya ganda. Ongeza jua la mchana na rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea, kesho yake unakuta mgongo umebonyea au ukingo haukutani tena na mwenzake. Fungua kile kimlango cha kukagulia oili kila ukipaki, joto litoke. Paka rangi nyeupe, ndege za faiba kuwa nyeupe sio fasheni.

Kwa kaulingi mpya au uliyoirekebisha, ipikie. Mi nimetengeneza boksi la plaiwudi lenye taa za zamani za waya na kipima joto, napandisha taratibu mpaka nyuzi 60 naiacha masaa kadhaa kadri karatasi ya resini inavyosema. Muhimu iwe imefungwa kwenye umbo lake muda wote, kwenye moldi au kwenye ndege yenyewe, ukiipika ikiwa imelazwa kwenye meza itajifunza umbo la meza.

KIRAKA KINANATA SIKU YA TATU

Hii ni ya kwetu wa nyanda za juu hasa. Mwezi wa sita na wa saba usiku Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na resini nyingi hazitaki chini ya 15. Hapo mtu anafanya kosa la kuongeza hadina (dawa ya kugandisha resini). Kwenye poliesta unaweza kucheza kidogo, asilimia 1 mpaka 2, lakini kwenye epoksi hadina ni nusu ya mchezo wenyewe, inaungana na resini kwa kipimo, ukizidisha ile ya ziada inabaki humo humo haijaoa wala kuolewa, kiraka kinakuwa laini milele. Pima kwa mizani ya gramu, sio kwa macho. Pasha chumba, pasha na lile ganda lenyewe kabla ya kupaka, mi nafunika kwa turubai na kuweka taa chini yake.

Kama uso una utelezi kama nta baada ya kukauka, hilo ni jasho la epoksi la ubaridi na unyevu, lioshe kwa maji na sponji ya chuma chuma ndo upige msasa. Ukipiga msasa kwanza unalisambaza. Ukinata uso tu wa poliesta, ndani gumu, hiyo ni kawaida ya resini isiyo na nta, hewa inauzuia uso kukauka.

Na kama hujui kaulingi yako ya zamani ni ya resini gani, saga kidogo unuse, poliesta inatoa ile harufu tamu kali ya duka la faiba. Ukibaki na shaka tumia epoksi, inashika juu ya zote mbili, poliesta juu ya epoksi iliyokauka inabanduka kama ganda la ndizi. Na kwa wanaochanganya wenyewe dawa za poliesta: ile hadina na ile dawa ya zambarau ya kuharakisha visikutane vyenyewe kwa vyenyewe hata tone, vinalipuka.

KIRAKA KINABANDUKA KIZIMA KIZIMA

Ni oili. Faiba ya ndani ya kaulingi inakunywa oili miaka yote, hasa kama haikupakwa kitu. Futa kwa asetoni na kitambaa safi mara nyingi mpaka kitambaa kisitoke na rangi, ndo usage, alafu ufute tena. Ukianza kwa kusaga unaisukuma oili ndani ya nyuzi. Kama oili imeshaingia kwenye fomu, usijidanganye, kata hiyo fomu uweke nyingine. Ukimaliza paka ndani koti jembamba la epoksi na rangi nyeupe, uvujaji wowote utauona kama doa la chai kwenye shuka.

DOA LA KAHAWIA, HARUFU, MALENGELENGE

Bomba la ekzosti liko karibu. Leya hazisaidii hapa, utachoma na hizo mpya. Sogeza bomba au panua nafasi, weka kinga ya bati jembamba la stenlesi ikiwa imeinuliwa kwa vispesa isigusane na faiba, na nyuma yake karatasi ya alumini ya kugundisha. Sehemu iliyogeuka kahawia na kulia dub kwa sarafu ikatwe, resini yake imeshakufa.

INASUGUANA

Angalia alama za kung'aa kwa ndani. Injini inacheza, kwa hiyo acha sentimita 1 au zaidi kuzunguka kila kitu cha injini, na milimita 6 hivi kati ya kaulingi na koni ya pangaboi. Mipira ya bafo (vibati vya kuelekeza hewa ya kupoza injini) ndo iguse, bati lake lisiguse.

UZITO

Kitambaa cha gramu 300 na resini ya uzito sawa ni gramu 600 kwa mita ya mraba kwa leya moja. Kaulingi ya mita za mraba 1.2 ukiipiga leya tatu nzima umeongeza kilo 2 na ushee mbele kabisa ya ndege, na mizani ya ndege inasogea mbele. Pima kaulingi kabla na baada, mpe mwenye ndege namba aingize kwenye hesabu zake za uzito na kitabu cha kumbukumbu, na mkaguzi wa TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) akija asikute mambo mapya hayajaandikwa. Kaboni inavutia kwa wepesi ila ikigusana na alumini, alumini inaliwa, weka leya ya faiba katikati.

Ya mzee tulivua zile leya zangu nne, kazi ya siku mbili ya kuwashwa mwili mzima. Tukaweka kiraka cha ngazi, mbavu tatu, mkanda ukingoni na washa za kikombe, ikapungua gramu 400 ukilinganisha na kazi yangu ya kwanza. Kuna ufa mdogo upande wa kushoto hatukuugusa, tuliutoboa tundu tu mwisho wake tukaweka penseli, masaa 212. Mara ya mwisho nilipoimulika ilikuwa 260 na kitu, mstari haujavuka alama. Ila lile doa la kahawia juu ya ekzosti limeanza tena, kwa hiyo wiki ijayo napanda basi la Mafinga na kipande cha stenlesi.